Mvua ya Kisanduku na Mvua ya Shambani: Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Barua tano tulizopokea kutoka Mwanza na maeneo ya jirani zinagusa jambo moja kwa njia tofauti: namna takwimu za hali ya hewa zinazopatikana kwenye intaneti zinavyoweza kutumika kukadiria mahali kiuatilifu kinapoishia baada ya kutoka kwenye bomba la kupulizia. Tumezijibu pamoja, na barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa sababu majibu ya nyingine yanaiegemea.

Swali la kwanza

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sayansi ya mazingira na ninaishi Nyegezi. Utafiti wangu unahusu dawa zinazopulizwa kwenye pamba wilayani Magu, na kiasi kinachoweza kufika kwenye kijito kinachomwaga maji yake katika Ghuba ya Speke. Modeli ninayotumia, yaani programu ya kompyuta inayokadiria mwendo wa dawa, inadai mvua, joto, upepo na mionzi ya jua ya kila siku kwa miaka 30. Kituo kilicho karibu na mashamba kina mapengo ya miezi mizima, na chenye kumbukumbu nzuri kipo uwanja wa ndege wa Mwanza, mbali na mashamba hayo. Msimamizi wangu amenishauri nipakue data za gridi. Je, data hizo ni za kweli? Na kwa kuwa zipo za aina nyingi, nichukue zipi?*

Ndugu mwanafunzi, tuanze na neno lenyewe. Data za gridi ni ramani iliyokatwa visanduku vya mraba, kila kisanduku kikapewa tarakimu moja kwa kila saa au kila siku. Hakuna kipima mvua kilichosimikwa katikati ya kila kisanduku. Tarakimu hiyo imekadiriwa kutokana na vituo vichache vya ardhini, au picha za setilaiti, au modeli ya angahewa, au vyote kwa pamoja. Kwa hiyo swali la kama ni za kweli halijibiki kwa ndiyo au hapana. Ni makadirio ya wastani wa eneo zima la kisanduku, na ubora wake unategemea unataka kuyatumia kujibu nini.

Zinazotumika zaidi kwa eneo letu zinatofautiana kwa asili. ERA5 hutengenezwa na Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Hali ya Hewa wa Muda wa Kati. Ni kazi ya reanalisisi, yaani modeli ya angahewa inarudishwa nyuma, inalishwa vipimo vilivyokusanywa duniani kote, kisha inaiandika upya hali ya hewa ya kila saa tangu mwaka 1940. Kisanduku chake kina upana wa robo digrii, ambao hapa karibu na ikweta ni takriban kilomita 28. Ndugu yake, ERA5-Land, inaanzia mwaka 1950 na ina visanduku vya kilomita 11 hivi. CHIRPS, inayotoka Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ni ya mvua peke yake. Inaanzia mwaka 1981, inaunganisha vipimo vya vituo na joto la vilele vya mawingu kama linavyoonekana na setilaiti, na kisanduku chake ni cha kilomita tano na nusu. TAMSAT ya Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, hushughulikia mvua ya Afrika tu tangu mwaka 1983, kwa visanduku vya kilomita nne hivi. NASA POWER, ya shirika la anga la Marekani, inapendwa kwa sababu kuipakua ni rahisi mno, lakini visanduku vyake vya hali ya hewa vina upana wa kilomita 55 kwa karibu 70. Anayeitumia kwa shamba la ekari tatu ajue kwamba anaazima hali ya hewa ya eneo lenye upana wa kutoka Mwanza mjini hadi Magu mjini.

Kuhusu joto na mionzi ya jua sina wasiwasi mkubwa. Vitu hivi havibadiliki ghafla kati ya kijiji na kijiji, na tofauti ya mwinuko kati ya kisanduku na shamba unaweza kuisahihisha kwa kanuni ya kawaida ya nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Usidhani, hata hivyo, kwamba joto ni jambo dogo katika hesabu yako. Nusu-maisha ya kiuatilifu, yaani muda ambao nusu yake huoza udongoni, kwa kawaida huandikwa kwa joto la nyuzi 20. Kizidisho kinachotumika Ulaya, kwa pendekezo la mamlaka yao ya usalama wa chakula, husema kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi ya kuoza huongezeka mara 2.58. Ukikokotoa kwa udongo wenye nyuzi 25, kasi inakuwa mara 1.6, na dawa iliyoandikiwa siku 30 inabaki na siku zisizofika 19. Mtu anayebeba nusu-maisha ya Ulaya na kuiacha ilivyo Magu anaifanya dawa idumu udongoni kuliko inavyodumu. Kosa hilo linatokana na uzembe wetu wenyewe, si na gridi.

Mvua ndiyo yenye kesi. Kiuatilifu hakiendi mtoni kidogo kidogo mwaka mzima. Sehemu kubwa ya kile kitakachoondoka shambani kwa maji husombwa na mvua moja au mbili kubwa zinazofuata karibu na siku ya kupuliza. Hapo ndipo udhaifu wa kisanduku unapoonekana, kwa sababu mvua zetu ni za radi, wingu moja linamwaga upande huu wa barabara na upande wa pili vumbi linaendelea kutimka. Ukichukua wastani wa eneo zima, dhoruba inapungua ukubwa, na badala yake unapata siku nyingi za manyunyu ambayo hakuna mkulima aliyeyaona. Jumla ya mwaka inaweza kuwa sahihi kabisa huku kila mvua iliyo muhimu ikiwa imekosewa. CHIRPS katika toleo lake la pili ina jambo la ziada ambalo wengi hawalisomi: mvua yake ilikadiriwa kwanza kwa vipindi vya siku tano, kisha ikagawanywa kwa siku moja moja. Kwa mwezi na msimu inafanya kazi nzuri. Kwa swali la kama ilinyesha Jumanne au Alhamisi, usiitegemee peke yake.

Kisha lipo ziwa. Ziwa Victoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, na ukubwa huo unalitosha kujitengenezea hali ya hewa yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu ya radi hujengeka bara wakati wa alasiri. Usiku mambo hugeuka: hewa ya nchi kavu hushuka kuelekea majini kutoka pande zote, hukutana juu ya ziwa, na radi hupiga huko hadi alfajiri, jambo ambalo wavuvi wanalijua bila kuhitaji setilaiti. Kisanduku cha kilomita 28 kilichokaa ufukweni huchanganya tabia hizi mbili na kukupa siku ambayo haikuwepo majini wala nchi kavu. Hata mwambao wenyewe haufanani. Bukoba, ulio upande wa magharibi ambako upepo hufika ukiwa umekwisha kuvuka maji, hupata mvua karibu mara mbili ya Mwanza kwa mwaka, wakati Musoma hupata pungufu ya Mwanza. Kwa hiyo usijaze mapengo ya Magu kwa kituo chochote cha ziwani kwa hoja kwamba vyote ni vya Kanda ya Ziwa.

Sasa ushauri wenyewe. Kwa mvua, chukua CHIRPS au TAMSAT, au zote mbili, na kwa joto, mionzi na uvukizi chukua ERA5-Land. Kituo chako chenye mapengo usikitupe, maana miaka yake michache iliyokamilika ndiyo mizani yako. Linganisha miaka hiyo na gridi, na usiishie kulinganisha wastani wa mwezi, kwa sababu huo karibu kila mara utakuridhisha. Hesabu siku zenye mvua ya zaidi ya milimita 1, kisha siku zenye zaidi ya milimita 30, kisha mvua kubwa kuliko zote ya kila mwaka. Ukikuta gridi ina siku nyingi za mvua na dhoruba chache, panga mvua za kituo na za gridi kwa ukubwa, kubwa kwa kubwa na ndogo kwa ndogo, na uirekebishe gridi ifuate mpangilio wa kituo. Marekebisho hayo yatatibu ukubwa. Tarehe hayataitibu, na inakupasa uliandike hilo waziwazi katika tasnifu yako.

Miaka 30 inayodaiwa na modeli ina sababu yake. Katika utaratibu wa Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, kwa mfano, modeli huendeshwa miaka mingi mfululizo juu ya shamba la hekta 10 linalomwaga maji katika bwawa la hekta 1 lenye kina cha mita 2, kisha huchukuliwa kiwango cha dawa bwawani kinachotarajiwa kupitwa mara moja tu katika miaka kumi. Zamani walitumia vituo vya ardhini vya miaka ya 1961 hadi 1990, baadaye wakahamia gridi ya robo digrii inayofika mwaka 2014, kwa sababu kama zako: vituo vina mapengo na haviko kila mahali. Kwa upande wetu, hakikisha mfululizo wako unagusa vuli ya mwaka 1997 na ile ya 2019, zilizokuwa na mvua kubwa mno. Modeli ambayo haijaonja misimu ile haijui maji ya Kanda hii yanaweza kufanya nini. Mandhari za mfano za Ulaya, yaani mashamba ya kubuni yenye udongo na hali ya hewa iliyopangwa tayari, zile zilizojengwa juu ya maeneo kama Porto na Bologna, zitumie kujifunzia programu tu.

Mambo mawili ya mwisho kwako. La kwanza ni tarehe ya kupuliza. Modeli nyingi huiweka tarehe hiyo kama msumari, labda tarehe 15 Februari kila mwaka, kisha mvua ya gridi inaangukia siku hiyohiyo, na matokeo yanatisha. Mkulima wa Magu haharibu dawa aliyoinunua kwa fedha. Huangalia mbingu kwanza. Ruhusu tarehe isogee hadi siku isiyo na mvua. La pili ni vizio. ERA5 huandika mvua kwa mita na joto kwa Kelvin, wakati modeli ya Kimarekani hutaka mvua kwa sentimita. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza wiki nzima nikishangaa kijito kisicho na tone la maji, kumbe nilikuwa nimeilisha modeli mita nikidhani ni milimita.

Karibu nisahau udongo, na pengine huo ungestahili barua yake. Mzee wa Kisukuma atakutenganishia luseni, ule mchanga wa juu mtelemkoni unaomeza maji, na mbuga, ule mfinyanzi mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi na kuziba kabisa ukishalowa. Mvua moja, kisanduku kimoja, lakini luseni itapeleka dawa chini na mbuga itaipeleka pembeni. Nenda shambani na koleo kabla ya kufungua kompyuta.

Swali la pili

*Ndugu Mhariri, mimi ni afisa ugani wilayani Misungwi, au bwana shamba kama wakulima wanavyoniita. Nina kipima mvua nyuma ya ofisi, nacho nakisoma kila siku saa tatu asubuhi. Mwezi Machi, siku mbili baada ya wakulima kupiga dawa ya funza wa vitumba, nilisoma milimita 60. Kijana mmoja wa mradi alinionyesha kwenye kompyuta kwamba tarehe ile kisanduku chetu kilipata milimita 12 tu, na siku iliyotangulia 18. Alisema kipima mvua changu kina kasoro. Nani mwenye haki?*

Bwana shamba, kipima mvua chako hakina kosa, na kijana naye hakusoma vibaya. Mmesoma siku mbili tofauti na maeneo mawili tofauti.

Siku yako inaanza saa tatu asubuhi na kuishia saa tatu asubuhi ya kesho yake, kama ilivyo desturi ya vituo vyetu. Siku ya gridi nyingi huanza saa sita usiku kwa saa ya Greenwich, ambayo kwetu ni saa tisa usiku. Mvua iliyoanza jioni ikapiga hadi asubuhi, kwako ni mvua moja iliyoandikwa tarehe ya kusoma. Kwake imekatwa vipande viwili, kipande cha kabla ya saa tisa usiku kikaenda tarehe iliyotangulia na kilichobaki kikaenda tarehe iliyofuata. Ukijumlisha 18 na 12 unapata 30. Hiyo ndiyo tarakimu inayostahili kuwekwa mbele ya 60 yako, na nusu iliyobaki inaelezwa na wastani wa eneo: wingu lilikaa juu ya ofisi yako, na vijiji vingine vya kisanduku hichohicho vilipata rasharasha.

Je, tofauti hiyo ina uzito wowote? Tuipige hesabu kwa kanuni ya namba ya mkondo (curve number), inayoipa ardhi namba isiyozidi 100, kubwa zaidi kadiri ardhi inavyotiririsha maji badala ya kuyameza, iliyobuniwa na idara ya kilimo ya Marekani na ambayo bado imo ndani ya modeli nyingi za viuatilifu. Tuchukue shamba lenye namba 80, kiwango cha kawaida kwa shamba la mazao ya mistari lisilomeza maji vizuri. Kwa namba hiyo, milimita 12.7 za kwanza hazitiririki kabisa. Mvua ya milimita 60 kwa siku moja inatoa mtiririko wa milimita 20 juu ya ardhi. Milimita 30 kwa siku moja zinatoa 3.7 tu. Na zile 18 na 12 zikilishwa katika modeli kama siku mbili zinazojitegemea, ya kwanza inatoa milimita 0.4 na ya pili haitoi kitu. Kwa ekari moja, milimita 20 ni lita zipatazo 80,000 za maji yanayoondoka shambani, milimita 0.4 ni lita 1,600 na ushei. Mvua imegawanyika mara mbili, mtiririko umegawanyika mara hamsini. Ndiyo sababu sipendi kusikia mtu akisema kwamba kosa la nusu kwenye mvua huleta kosa la nusu kwenye dawa.

Lakini nikuonye nawe. Milimita 60 za nyuma ya ofisi ni za nyuma ya ofisi. Ikiwa swali ni lambo lililo chini ya mashamba yale, ambako ng'ombe hunywa na pengine watu huteka, kipima mvua chako kinasema ukweli zaidi kuliko kisanduku chochote. Ikiwa swali ni mto unaokusanya maji ya tarafa nzima, wastani wa kisanduku unaweza kuwa karibu zaidi na kilichotokea, kwa sababu mto nao hufanya wastani.

Waulize pia wakulima walitumia dawa gani hasa. Imidakloprid huyeyuka katika maji kwa kiasi cha miligramu 610 kwa lita, hivyo huondoka pamoja na maji yenyewe au kushuka nayo udongoni. Lambda-sihalothrini huyeyuka kwa miligramu 0.005 tu kwa lita. Hiyo hung'ang'ania chembe za udongo na kusafiri na tope, na kwa samaki ni sumu kali. Mvua ya milimita 60 iliyonyesha kwa nusu saa itabeba tope jingi kuliko iliyonyesha usiku kucha, na tofauti hiyo haimo katika kipima mvua chako wala katika gridi ya kila siku. Ukiweza, andika pia saa mvua ilipoanza na saa ilipokatika. Daftari la namna hiyo la misimu mitatu tu lingegombewa na watafiti.

Swali la tatu

*Ndugu Mhariri, mimi ni mama mkulima wa nyanya na kabichi karibu na Kayenze. Bustani yangu iko jirani na mahali tunapochota maji ya ziwani. Mwanangu huniangalizia upepo kwenye simu kabla sijapiga dawa. Simu husema upepo ni mdogo, lakini mara nyingine nasikia harufu ya dawa hadi nyumbani. Je, niiamini simu?*

Mama, usiiamini kwa jambo hili. Upepo unaouona kwenye simu nao unatoka katika kisanduku, tena ni wa urefu wa mita 10 kutoka ardhini, na ni wastani wa eneo lenye maji na vilima na mawe makubwa kama yetu ya Mwanza. Upepo wa ziwa wa pale kwenye bustani yako, unaogeuka saa nne au saa tano asubuhi, kisanduku kipana hakiuoni vizuri, na kikiuona hukosea saa. Mapema asubuhi hewa mara nyingi bado inashuka kutoka nchi kavu kwenda majini, kwa hiyo matone yatapelekwa kule mnakochota. Upepo ukishageuka, yatapelekwa nyumbani. Maji yasichotwe mahali hapo siku ya kupiga dawa, na chombo cha kuchotea kisiachwe wazi.

Utulivu kamili wa alfajiri nao unadanganya. Hewa ya baridi inapolala chini na ya joto ikawa juu yake, matone madogo hayatawanyiki wala hayatui. Huelea kama moshi wa jikoni asubuhi ya ukungu, kisha huteleza pamoja mpaka uani kwa mtu. Huenda hiyo ndiyo harufu unayoisikia. Funga utepe mwepesi kwenye kijiti mwanzoni na mwishoni mwa bustani. Utepe ukining'inia bila kutikisika kabisa, subiri, ukicheza polepole kuelekea upande usio na maji wala nyumba, piga, ukinyooka, acha. Tumia nozeli inayotoa matone makubwa na uishushe karibu na mmea, kwani matone laini kama ukungu ndiyo yanayosafiri mbali.

Nisingetaka kukuficha jambo moja: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira yake, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pima hatua zako.

Swali la nne

*Ndugu Mhariri, ninafundisha Ukerewe. Wanafunzi wangu walipakua joto na mvua za kisiwa chetu, wakakuta kisanduku kinatambulika kama maji. Tufanyeje?*

Mwalimu, mmegundua jambo ambalo wataalamu wengi hulipita bila kuliona. Kwa visanduku vya kilomita 28, sehemu kubwa ya jirani zenu ni ziwa, na joto la usiku litaonekana la juu kuliko lilivyo katikati ya kisiwa, kwa kuwa maji hayapoi haraka. Tumieni data zenye visanduku vidogo, chagueni kisanduku ambacho sehemu yake kubwa ni nchi kavu, na msichukue wastani wa visanduku vinne vinavyozunguka kama programu nyingi zinavyofanya kimyakimya. Kipima mvua kimoja katika uwanja wa shule, mbali na miti na mapaa, kitawapa wanafunzi kitu cha kulinganisha.

Swali la tano

*Ndugu Mhariri, nafanya biashara ya samaki Mwaloni, Kirumba. Je, hizi modeli zinaweza kuniambia kama sato na dagaa ninaouza wana mabaki ya dawa?*

Hapana. Modeli inakadiria kiasi cha dawa kinachoweza kuwa ndani ya maji ya mahali fulani, kwa mvua fulani, ikiwa wakulima walipuliza kama ilivyodhaniwa. Inasaidia kuamua ni kijito gani kipimwe na mwezi gani. Kilichomo ndani ya samaki hujulikana kwa kupeleka samaki maabara.

Kumbuka pia yaliyotokea mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Chanzo kilikuwa taarifa za watu kuvua kwa kumwaga viuatilifu majini kwa mikono yao. Gridi yoyote ya mvua, hata ingekuwa na visanduku vya mita moja, isingeona kitu, kwa kuwa sumu ile haikupita shambani.